Mawe Juu ya Tovuti ya Mama Shirima

Tovuti nzito haiibiki.

Hilo, wana ukumbi, nililiamini kama Sala ya Bwana. Nililipata kwa Profesa, mwenzangu wa darasa la jioni la kompyuta hapa Karatu (tulimwita Profesa kwa sababu kozi ya miezi mitatu aliirudia mara nne). Alisema hivi: mwizi wa mtandao akikuta tovuti nyepesi, anaiburuza hadi kwao. Akikuta nzito, laini inamkatikia njiani, anaitupa. Mnacheka nini? Mimi ni mtoto wa kule Daa, kijijini! Kwetu bati lisilowekewa mawe juu, upepo wa Agosti unalipeleka mpaka ziwa Eyasi. Kwa hiyo somo lile liliniingia mara moja. Uzito ni usalama!

Basi Mama Shirima, Mchaga mwenye kambi ya mahema ninakofanya kazi, aliponikabidhi tovuti yake niitunze, niliiwekea mawe. Kule ndani, mahali anapoingia fundi peke yake, kuna orodha ndefu ya vikorombwezo, kila kimoja na swichi yake. Niliwasha vyote. Saa inayozunguka. Hali ya hewa. Kalenda. Kura ya maoni. Ukumbi wa maongezi. Kitabu cha wageni. Ngoma inayojipiga yenyewe. Na theluji inayodondoka kutoka juu mpaka chini (ndiyo, theluji, Karatu, niacheni).

Wiki iliyopita Neema, niliyesoma naye na sasa ana kibanda cha intaneti ng'ambo ya barabara, aliniambia, "Tluway, zima usivyovitumia." Nilimcheka. Nikamwambia wivu haujengi.

Leo nimeumbuka mpaka kwenye kope.

Saa nne asubuhi liliingia gari la Lemayani, dereva wetu, mtu wa Malambo, kwa wafugaji. Ndani yake mchungaji Mjerumani, mzee wa miaka kama sabini, anayeongea Kiswahili cha Biblia kuliko Biblia yenyewe. Anatafuta mahali pa kuwalaza waumini wake arobaini mwezi wa saba. Na Mama Shirima alikwisha kutukusanya jikoni akatuambia kavu: kundi hili lisipokuja, anafunga kambi na kurudi Marangu, na sisi kila mtu ajue kwao ni wapi.

Mchungaji aliyapenda mahema. Aliupenda mtori. Alitaka jambo moja tu: aione tovuti, kwa kuwa waumini wake huko Ujerumani watachagua kwa kuitazama.

"Hilo tu?" nilisema, nikavuta kiti kwa madaha. "Baba mchungaji, keti hapa. Utaona mambo!"

Nikabofya. Saa ikatokea. Ikazunguka. Basi.

Chai ikaletwa. Ikatokea kalenda, nusu. Mama akamimina chai ya pili. Theluji ikaanza kudondoka juu ya ukurasa mtupu.

"Je, hii ndiyo nchi ya kwetu?" mchungaji aliuliza.

"Hapana, baba. Ni mapambo."

Lemayani alikuwa ameegemea mlango. "Ero, Tluway! Mimi naswaga ng'ombe kutoka Malambo mpaka Olbalbal, nanywesha, narudi, hiyo kitu yako bado iko njiani?"

"Inavuta pumzi," nilimjibu.

Ghafla ngoma ikalipuka! Kuku wa jirani waliruka ukuta (naapa, mmoja hajaonekana mpaka sasa). Kisha, kwa kishindo, ukurasa ukafunguka. Juu kabisa picha ya Mama Shirima, na gauni lake la kwaya, anatabasamu. Chini yake maneno niliyoyatunga kwa mkono wangu: "Karibuni! Mama mwenyewe atawahudumia."

Nilipiga makofi. Peke yangu.

"Na sasa, baba," nikasema (hapa ndipo shetani alipovuta kiti akakaa nami), "soma wageni wetu wanavyotusifia!" Nikamwonyesha kitabu cha wageni, pale pale chini ya picha. Kitabu ambacho sikuwa nimekisoma tangu nikiwashe.

Kilikuwa kimejaa! Kiingereza, herufi kubwa, alama za mshangao kama mvua.

Mama hakuwa na miwani yake. "Wanasemaje?"

Mimi Kiingereza changu hunijia kinapotaka. Kikagoma. Mchungaji akavaa miwani, akasogea, akatafsiri polepole kwa sauti ya mimbari:

"Wanasema, mama: Enyi wanaume mliochoka, msife moyo. Mezeni kidonge kimoja, na baada ya nusu saa nguvu za ujana wenu zitawarudia, na wake zenu watashangilia."

Theluji inadondoka.

"Na wa pili?" Mama aliuliza. Kwa nini aliuliza, sijui.

"Wa pili asema vivyo hivyo. Lakini yeye ni vidonge viwili."

Salamu zilikuwa mamia kwa mamia. Zote za dawa ile. Zote chini ya "Mama mwenyewe atawahudumia".

Lemayani alitoka nje. Nilimsikia akicheka huku amekumbatia bampa la gari. Mama Shirima akaniita, "Bonifasi." Hilo ni jina langu la ubatizo, na yeye hulitumia akiwa ameshaamua jambo.

"Bonifasi. Kamlete Neema."

Nilivuka barabara bila kuangalia pande zote mbili. Neema alikuja, kalamu sikioni, akaketi kwenye kiti changu, akafungua ile orodha.

"Kura ya maoni nani anaitumia?"

"Hakuna."

"Zima. Ukumbi wa maongezi?"

"Bado hawajaanza kuongea."

"Zima. Kalenda?"

"Neema, kalenda niliipanga mwen..."

"Zima."

Akafika mahali pa wageni kujiandikisha, nilipopaacha wazi ili wateja wajisikie nyumbani. Majina mia tisa! "Huyu qx77zz ni nani?"

"Mteja."

"Wa ukoo gani?" Lemayani aliuliza kupitia dirishani.

Neema akamfuta, akafuta na nduguze wote, akapafunga. Kitabu cha wageni akakifuta na kukizima. Ngoma, kimya. Theluji aliizima bila hata kuniuliza. Hiyo iliniuma.

Kisha akafungua tovuti upya. Jamani! Mchungaji hajashusha kikombe, ukurasa huo hapo! Mahema, bustani, fomu ya kuweka nafasi, Mama anatabasamu. Upesi mpaka nikaogopa, nikachungulia kisogoni kwa kompyuta.

Mchungaji alitazama picha moja moja. Akavua miwani. Mama Shirima alishika ukingo wa meza.

"Tutakuja," alisema mchungaji. "Wote arobaini. Wengi wetu ni wazee, mama, lakini tutakuja kwa nguvu tulizonazo."

Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge. Na mimi nikacheka. Akanitazama. Nikaacha.

Mchungaji na Lemayani walipoondoka kwenda kreta kutazama wanyama, nilimfuata Neema hadi barabarani, maana moyo haukutulia. Nikamnong'oneza: sasa tovuti ni nyepesi kama unyoya. Mwizi akija kuiburuza je?

Alichomoa kalamu sikioni, akaninyooshea.

"Tluway, nani alikuambia mwizi anaibeba tovuti? Haibebi. Anaingia kwa kile ulichokiwasha ukakisahau. Usichokitumia, zima."