Kipa Gundi na Kiti cha Kinyozi

Jumatatu, 3 Juni

Nimepata daftari! Fundi mkuu kalitupa kwa sababu limejaa vipimo vya watu ambao tangu hapo wamenenepa. Ninaandika chini ya "kiuno, nyonga, urefu wa mkono". Shule niliiacha mapema lakini mwandiko wangu wote waliusifia.

Habari ya leo ni moja. Timu yetu, Zambarau, imeingia fainali. Fainali! Mara ya mwisho ilipoingia nilikuwa mgongoni mwa mama, nimelala, sijui hata walivaa nini. Sasa nina wangu mgongoni: Donge, miezi minane, jino moja na nusu. Nimemwapia kwamba yeye hatalala. Tutaiona wote wawili, macho wazi.

Sasa tatizo. Televisheni ni ya kinyozi, mlango wa pili kutoka hapa tunaposhona. Msimu mzima nimetazama nimesimama mlangoni, huku namrusharusha Donge asilie. Leo kinyozi katangaza kwamba Jumamosi mlango utafungwa, wa ndani ndani, wa nje nje, maana wanaosimama mlangoni wanamletea joto. Viti vyote vina wenyewe. Kimebaki kile chake cha kunyolea, kinachozunguka. Na hicho kina sheria yake. Anakikalia mtu aliyeuliza swali la mpira likawashinda wote. Unaandika jibu kwenye karatasi, unaliweka chini ya kopo la poda, halafu ndio unauliza. Swali moja kwa mtu kwa siku.

Msimu mzima kiti ni cha Profesa. Profesa ni fundi viatu wa kibanda cha nje. Anajua tarehe ya kila goli. Mkewe kasema tarehe ya ndoa yao haijui.

Nikikosa kiti, Jumamosi nitakaa nyumbani na mama mkwe, ambaye anaamini kelele za mpira zinachachisha maziwa ya mama.

Sikosi.

Jumanne, 4 Juni

Bahati imenifuata mpaka kazini! Hapa tunakata ruwaza za nguo kwa magazeti ya zamani. Leo nimeshika ruwaza ya blauzi, nikaona ni ukurasa wa michezo. Habari ya mchezaji aliyefunga magoli mawili katika mechi moja akiwa amevaa kiatu kimoja. Mchezaji huyo, linasema gazeti, alikuwa ni

Basi. Hapo ndipo mkasi ulipopita. Jina lake lilikuwa kwenye kwapa.

Nimetafuta kile kipande kwenye kapu la takataka, chini ya mashine, mdomoni mwa Donge. Mdomoni mwa Donge kulikuwa na karatasi kweli, lakini ilishakuwa uji.

Nikajiambia: kama hakuna anayejua, nani atauliza jibu? Jioni nikaenda. Nikauliza. Profesa akajikuna kisogo. Fundi umeme, ambaye hujibu kila kitu kwa jina lile lile, akalitaja jina lake lile lile. Wakashindwa wote! Nikaanza kukiendea kiti. Nilishashika mkono wa kiti chenyewe.

Kinyozi akanyanyua kopo la poda, akafungua karatasi yangu, akasoma kwa sauti. Nilikuwa nimeandika ukweli, maana sikupata kingine cha kuandika: Jibu lilikatwa kwa ajili ya kwapa.

Wamecheka mpaka mteja mmoja kakatwa nyusi. Sasa naitwa Mama Kwapa.

Jumatano, 5 Juni

Baba Donge kapiga simu kutoka safarini, lori lao limeharibika tena. Nikamwomba swali la mpira. Hapo hapo akanipa. Nani alifunga goli la kwanza saa ile ile sisi tunafunga ndoa?

Nikamuuliza amelijuaje. Akasema alikuwa na redio mfukoni, waya wa sikioni umepitishwa chini ya kola.

Kumbe! Miaka miwili nawasimulia watu kwamba mume wangu alitokwa machozi siku ile kwa kunipenda. Nilikata simu. Kisha nikampigia tena kuuliza jibu.

Jioni sijamaliza hata kuuliza, Profesa kajibu. Alikuwa miongoni mwa wageni wetu. Naye alikuwa na redio.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimetunga mtu.

Mungu anisamehe. Nilikuwa natoboa matundu ya vifungo, sare za shule, tundu la mia ngapi sijui, na akili ikatoka ikaenda zake. Iliporudi ilikuja na kipa. Kipa wa Zambarau, wa zamani sana, jina la utani Gundi. Alipewa kadi nyekundu kabla mpira haujaanza. Swali: kwa nini? Jibu: aliingia uwanjani na ndara.

Nani atajua? Hayupo! Swali lisilojibika duniani!

Nikaweka karatasi chini ya poda. Nikauliza. Fundi umeme akataja jina lake lile lile, akakumbushwa kwamba jina tumeshapewa. Nikamtazama Profesa. Akavua miwani. Akaifuta. Akasema taratibu, "Gundi... Binti yangu, umenikumbusha mbali."

Akumbuke nini, na mtu nimemtunga leo?

Akasimulia. Refa alimwambia Gundi avue soksi kwa sababu rangi yake ilifanana na ya wapinzani. Gundi akakataa, soksi alifumiwa na mama yake. Akasema heri atoke uwanjani kuliko kuzivua. Akatoka na soksi zake, uwanja mzima umesimama. Fundi umeme alipenga kamasi. Na mimi, nisiseme uongo humu, nilijifuta macho kwa nepi ya Donge.

Kinyozi akafungua karatasi: ndara. Nikashangilia! Profesa akatikisa kichwa kwa huruma. "Hizo ndara ni za magazeti, mwanangu. Mimi nilikuwepo. Jukwaa la mashariki, safu ya tatu."

Kinyozi akafikiri, kitana mdomoni. Akahukumu kwamba jicho linaishinda karatasi.

Ningesema nini? Kwamba hakuwepo kwa sababu hata Gundi hakuwepo? Nimerudi nyumbani nimenyong'onyea. Mama mkwe kanitazama akasema ni maziwa, yameshachacha.

Ijumaa, 7 Juni

Gundi anaenea kama moto wa nyasi.

Muuza mayai, ambaye jana hakuwepo, leo kaja na habari zake. Zamani baba yake alianguka na baiskeli mbele ya Gundi, na Gundi akadaka mayai manne hewani, mawili kila mkono. Fundi umeme kasema marehemu mjomba wake alipeana mkono na Gundi, na mkono wenyewe ulikuwa kama sinia. Kinyozi kaonyesha pale ukutani atakapotundika picha yake, akiipata.

Nikaona hapana, hii imezidi. Nitakiri. Na kukiri kwenyewe kutanipa kiti, maana nikithibitisha kwamba Profesa kadanganya, swali langu la jana litakuwa limewashinda. Nikasimama hapo mlangoni, nikamshika Donge vizuri, nikasema, "Jamani, Gundi nimemtunga mimi. Juzi hakuwepo. Nilimpata kwenye matundu ya vifungo."

Profesa akasema kwa upole kwamba mimi wakati ule nilikuwa sijazaliwa. Muuza mayai akauliza kama nataka kusema baba yake mwongo. Fundi umeme kanivuta pembeni. "Shemeji, utani una mipaka. Marehemu hataniwi hivyo."

Nilishtuka. Sikuwa na habari kama amefariki.

Imebaki kesho tu. Donge kaota nusu iliyobaki ya jino. Hata yeye amemaliza la kwake, na mimi bado nasimama mlangoni.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika haraka.

Nimefika mapema, nimeoga, Donge kavaa gauni la zambarau nililomshonea kwa mabaki ya kitambaa cha mteja (mteja asijue). Ndani kumejaa. Profesa tayari yuko juu ya kiti, kakunja nne, kama anangoja kunyolewa na mfalme. Kabla ya maswali kinyozi kaomba wote wasimame dakika moja kwa ajili ya Gundi. Tukasimama. Machozi yalinitoka. Sijui nilikuwa namlilia nani.

Halafu kinyozi akasema Mama Kwapa ana swali la mwisho, kisha mlango unafungwa.

Nikaandika kikaratasi, nikakisukuma chini ya poda. Nikasema, haya, ninyi mnaomjua wote. Gundi alipoacha mpira, alifanya kazi gani?

Profesa hakungoja. Akasema Gundi alishona viatu, tena vizuri. Fundi umeme akaruka: viatu wapi, Gundi alikuwa fundi umeme, alimfundisha mjomba kuunga nyaya! Muuza mayai akasema yule na mayai hawakuachana tena tangu siku ile ya baiskeli. Wakapandishiana sauti. Yule anaapa, huyu anaapa. Kinyozi akawatuliza kwa kugonga mkasi kwenye kioo, akasema yeye kama mwamuzi hasemi kitu, ila ijulikane kwamba Gundi alikuwa kinyozi.

Majibu manne! Akafungua karatasi. Nilikuwa nimeandika: alishona sare za shule.

Profesa akaanza kwamba hayo ni ya magazeti. Nikamkata. Nimkate Profesa, mimi! Nikasema, "Mimi nilikuwepo, baba. Alinishonea sare yangu ya darasa la kwanza. Alinipima mwenyewe. Mkono kama sinia."

Fundi umeme kaguna, sinia anaijua. Kinyozi akatafuna kitana. Jicho na karatasi, vyote kwa mtu mmoja, hajapata kuona. Akamgeukia Profesa. Profesa akashuka. Akanifutia kiti kwa mkono wa shati. Mlango ukafungwa na mimi nikiwa ndani!

Mechi sasa. Dakika ya kumi Donge kavuta kile chuma cha pembeni na kiti kikashuka mpaka chini. Kipindi chote cha kwanza nimekitazama katikati ya masikio ya fundi umeme. Cha pili wamenipandisha. Hapo Donge, niliyemwapia, akalala fofofo, na Zambarau wakasawazisha, na mimi sikuweza kupiga kelele. Nimeng'ata kitambaa cha kunyolea. Kina nywele.

Tumefungwa kwa penalti. Watu wameinamisha vichwa. Muuza mayai kasema angekuwepo Gundi, ile ya mwisho isingepita. Wote wakakubali. Na mimi iliniuma kweli, maana ni kweli, Gundi angeidaka.

Jumapili, 9 Juni

Nimelala vibaya. Nimemtazama Donge, ameachama, meno yake hayo mawili, nikajiuliza anakua na mama wa namna gani. Nimekata shauri. Uongo basi. Msimu ujao nitajifunza maswali ya kweli, moja kwa siku, mpaka niwe na heshima yangu. Nimemwambia mama mkwe. Kauliza uongo gani. Nikasema hakuna.

Jumatatu, 10 Juni

Profesa kaja hapa kwetu na shati lililotoka vifungo. Hakuna kifungo kilichotoka. Alikuwa kavikata, nyuzi bado zinaning'inia.

Kakaa kwenye stuli. Kamchekesha Donge kidogo. Kisha, kwa sauti ya chini ili fundi mkuu asisikie, kaniambia yeye siku ile ya Gundi hakuwepo uwanjani. Jukwaa la mashariki hakukaa. Gundi mwenyewe hakumjua, alimsikia kwangu Alhamisi. Aliona haya tu, watu wote wakimtazama, wakingoja ajue. Maisha yake yote watu wanangoja ajue. Akaniomba radhi, mtu mzima yule. Na akaniomba kitu kimoja. Kwa kuwa mimi nilikuwepo, nimsimulie Gundi wa kweli alikuwaje.

Macho yake yalikuwa kama ya Donge akingoja kunyonya.

Hapa ndipo pa kusema ukweli. Tunanong'ona wawili tu, kaniomba radhi, na jana nimekata shauri. Nikaweka sindano chini. Nikavuta pumzi. Nikamwambia asogeze stuli, maana ni habari ndefu, na inaanza na kitu ambacho watu hawakijui. Gundi alikuwa na pacha wake, na pacha huyo ndiye aliyekuwa refa.

Profesa akajipiga paja. Kasema anamkumbuka!