Meza Ile Moja Isiyo na Mtandao

Jumatatu, 14 Oktoba

Siku mbaya. Pei-shan wa uhasibu anahamia tawi la Tainan. Ijumaa ndiyo mwisho wake hapa Taichung. Mama yake aliye huko anaumwa magoti na hana wa kumpandisha ngazi. Meneja Hsiao alitangaza huku akitafuna, kama anayetangaza kwamba karatasi za chooni zimeisha. Watu wakapiga makofi. Mimi nilichelewa kupiga, nikapiga peke yangu.

Miaka miwili nampenda. Hajui. Hajui kwa sababu sijamwambia, na sijamwambia kwa sababu mimi ndiye fundi wa kompyuta, na fundi haendi kwenye meza ya mtu mpaka aitwe. Kompyuta ya Pei-shan haiharibiki kamwe. Bahati yangu ndivyo ilivyo.

Alasiri akapita kuandika oda ya chai za baridi za ofisi nzima, kama kawaida yake. Wengine wote huwauliza. Kwangu hakuuliza. Aliandika tu: sukari nusu, barafu kidogo. Anaijua! Hakuna mtu mwingine duniani anayeijua sukari yangu, hata mama.

Kisha mbingu zikafunguka. Meneja akaniita na kuniambia kwamba proksi ya zamani inazimwa Jumatano asubuhi. Proksi ndiyo mlango ambao kompyuta zetu zote hupitia kwenda nje kwenye mtandao. Zote zielekezwe mlango mpya, na nisizunguke meza moja moja kama muuza karanga. Nikamwambia nitaandika skripti, programu fupi ya kubadilisha zote kwa mpigo.

Zote isipokuwa moja! Pei-shan atabaki mlango wa zamani. Utafungwa. Atanipigia. Nitakwenda, nitavuta kiti, nitamwambia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nitainama mpaka chini ya meza kwenye nyaya.

Jumanne, 15 Oktoba

Skripti imekamilika. Fupi, safi, ningependa mtu aione. Inahesabu kompyuta kwa mpangilio wa meza kuanzia mlangoni, inabadilisha kila moja, ikifika ya saba inaiacha. Meza ya Pei-shan ina kibandiko cha saba. Nimekitazama mara nyingi kuliko uso wa bosi.

Sijaijaribu kwanza. Kujaribu ni kwa watu wasiojiamini.

Nimenyoa. Nimenunua shati la samawati. Nimefanya mazoezi ya maneno yangu mbele ya seva: "Pei-shan, kabla hujaondoka, kuna jambo." Seva imevuma kwa heshima. Pakiti ya bisi za mahindi, hirizi ya mafundi wote wa Taiwan, iko juu yake, ya kijani kama inavyopasa, na haijapitwa na tarehe. Nashukuru mama wa usafi anayeibadilisha kila mara. Bila pakiti ya kijani mtambo wowote hugoma, na ukiweka ya njano ndio umejitakia.

Ku wa mauzo kaliona shati langu. Akaniuliza ninaenda kuoa au kuolewa. Debe tupu.

Jumatano, 16 Oktoba

Proksi ya zamani ikazimwa. Simu ikalia papo hapo! Uhasibu! Nikajipulizia manukato, nikasema kwa sauti tulivu: Liao hapa.

Bi Chuang. Mkuu wa uhasibu, anayekaa jirani na Pei-shan. "Liao! Mtandao wangu umekufa. Njoo uuzike au uufufue, nina benki hapa!"

Nikaenda na shati langu. Bi Chuang akavuta pumzi, akaniuliza tangu lini kompyuta zinatibiwa kwa marashi. Uhasibu mzima ukacheka. Upande wa pili wa kizuizi Pei-shan alikuwa anafanya kazi kwa raha zake, mtandao wake unakwenda kama maji. Akanipungia mkono. Nilitamani ardhi ipasuke.

Chini ya meza ya Bi Chuang ndipo nilipoelewa. Meza zetu hazina namba nne! Nani akae kwenye namba ambayo kwa lugha yetu inatamkwa kama kifo? Moja, mbili, tatu, tano; hata lifti yetu inairuka. Lakini kompyuta haikulelewa na mtu. Imehesabu moja, mbili, tatu, nne, bila aibu. Kwa hiyo kibandiko cha saba ni meza ya sita, na meza ya saba ni ya Bi Chuang.

Nilipotoka huko nilitangaza kwamba kosa si langu: bila shaka mtu kachezea pakiti ya seva. Pei-shan akasema haiwezekani, ya sasa kaiweka yeye mwenyewe wiki iliyopita. Nikamuuliza, yeye? Akasema ni yeye siku zote. Eti mimi Liao nasahau tarehe, na yeye hapendi kuniona nikihangaika.

Siku zote! Nimekaa chumbani kwangu nikiitazama ile pakiti. Chai ilikuja. Barafu ikayeyuka, sikuigusa.

Jumamosi hatakuwepo.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mtu mwenye akili hakosei mara mbili. Nimeandika skripti ya pili. Hii haihesabu kitu, inakwenda moja kwa moja kwenye kompyuta yake na kuirudisha kwenye mlango uliofungwa. Nikaiendesha baada ya chakula cha mchana. Nikachungulia. Pei-shan anabofya. Anakunja uso. Anabofya tena. Ushindi!

Nikakaa na simu mapajani.

Haikulia. Nikachungulia tena. Ku! Amewasha mtandao wa simu yake, ameunganisha na kompyuta ya Pei-shan, na sasa wameinamia kioo kimoja, vichwa vinakaribia kugusana. Mimi nimemkatia mtandao, Ku ndiye anayeshukuriwa. Wivu uliniwaka mpaka masikio.

Nikatoka. Nikamwambia Ku kwamba simu za binafsi ni hatari kwa usalama wa kampuni. Ku akasema, "Pole, mkuu. Tulidhani fundi kaenda kuoga na marashi yake." Nikamwambia aende akauze pedali za baiskeli, ndiyo kazi aliyoajiriwa. Akaenda akipiga mluzi.

Pei-shan akanivutia kiti. Nikakaa. Karibu naye hivi. Alinukia sabuni ya mchele. Hii ndiyo nafasi niliyoitamani miaka miwili, nayo imefika.

Akauliza kimetokea nini kwenye kompyuta. Nikamweleza proksi. Nikamweleza kwa kirefu. Nikamwonyesha wapi pa kubofya, anwani inaandikwa wapi, mlango wa zamani, mlango mpya. Alisikiliza yote, akaandika kidogo kwenye kiganja chake. Halafu akanisimulia Tainan: mama, ngazi, mkate wa mayai wa jirani. Meza yake huko iko dirishani, ile inayofuata ya tatu. Wengine hawakuitaka, yeye kaikubali. Sikuuliza kwa nini hawakuitaka. Nilikuwa naangalia kibanio cha nywele zake.

Kisha akaacha kuandika. Akanitazama. Akasema, "Kaka Liao, kwani huna la kuniambia?"

Nilikuwa nalo! Lilikuwa pale ulimini. Nikafungua mdomo.

Nikasema, "Usisahau kuzima kompyuta ukitoka."

Akasema sawa.

Ijumaa, 18 Oktoba

Keki za nanasi. Picha ya pamoja. Nimesimama nyuma ya Meneja Hsiao na nina hakika nimetokea sikio tu.

Bi Chuang alinivuta kando karibu na mashine ya maji. Akanikumbusha kwamba mapenzi na kikohozi havifichiki, na kwamba mimi nakohoa tangu mwaka juzi. Nikamwambia ni vumbi la seva. Akanitazama kama hesabu isiyolingana, akaondoka na keki mbili.

Pei-shan akaja kuniaga mlangoni kwangu. Akaniletea pakiti mpya ya kijani, yenye tarehe ya mbali kabisa, kusudi nisihangaike. Akaniandikia namba yake ya simu. Akasema maneno haya, nayaandika kama yalivyo: "Kaka Liao, si lazima mtandao ufe ndio tuongee. Piga tu."

Nikamwambia ahsante, na kwamba Tainan kuna joto.

Ku ndiye aliyembebea maboksi mpaka stesheni. Mimi nilibaki, kwa sababu Meneja alisema printa imekwama. Haikuwa imekwama. Ilikuwa haina karatasi.

Jumatatu, 21 Oktoba

Oda ya chai sasa inaandikwa na Bi Chuang. Hamuulizi mtu: sukari kamili kwa wote, tusimchoshe. Nimeinywa yote. Tamu hadi meno yanauma, na sikusikia utamu wowote.

Namkumbuka. Kiti chake kimesukumwa ndani ya meza kama cha mtu aliyekwenda chooni. Kila anayepita na viatu vya kisigino nainua kichwa. Jumamosi na Jumapili yote nilishika simu na kuangalia namba yake. Nimeihifadhi kichwani. Naweza kuiimba.

Lakini nimpigie nimwambie nini? Amesema piga tu. Maneno ya adabu hayo, kila mtu husema. Huwezi kumpigia mtu ambaye hajapata tatizo.

Na ndipo nikaiona! Tawi la Tainan nalo linapita kwenye proksi yangu hii hii! Kompyuta zao zote ninazifikia nikiwa hapa hapa nimekaa. Meza yake inafuata ya tatu, dirishani. Na baada ya tatu ni tano, mtoto wa chekechea anajua. Safari hii nimeiruka nne kama mtu aliyefundwa. Skripti inakwenda kesho asubuhi, imrudishe kwenye mlango uliofungwa. Sijaijaribu. Ya nini?

Nimelivaa shati la samawati, ingawa kwenye simu halionekani.

Jumanne, 22 Oktoba

Simu imelia! Tainan!

Sauti nzito, yenye mafua. Bwana mmoja anaitwa Tai, wa meza ya tano. Kasema mtandao wake ulikufa asubuhi, ila nisijisumbue, ameshatengenezewa na dada mgeni wa meza ya nne.

Nikamwambia hakuna meza ya nne. Hakuna popote.

Akacheka mpaka akakohoa. Kwao ipo. Bosi wao hajali mambo hayo, ni wafanyakazi tu walioikataa, ndiyo maana akapewa mgeni. Dada huyo kafungua sehemu ya proksi, kaandika anwani mpya kutoka kichwani, kamaliza kabla chai haijapoa. Kasema ugonjwa huu anaujua vizuri, na daktari wake pia anamjua.

Halafu bwana Tai akasema kaachiwa salamu. Akazitoa taratibu, kama anayesoma: dada anasema namba yake ni ile ile, na chakula cha mchana huwa anakula peke yake, simu iko mezani.

Nikamshukuru. Nimeiweka simu karibu na pakiti ya kijani, nikazitazama zote mbili mchana mzima, chakula changu kikapoa. Anakula peke yake! Kumbe nilikuwa nakosea tangu mwanzo, na sasa nimeelewa kabisa kosa langu lilikuwa wapi.

Kesho nitaizima meza ya nne.