Ukurasa wa Nane

Jumatatu, 2 Desemba
Jumamosi ni mahafali ya ABC, ya watoto waliojifunza kusoma. Watoto wa miaka sita watavaa majoho na kofia kama mawakili, na atakayesoma vizuri kuliko wote atatoa hotuba na kupigwa picha na meya. Lazima awe mjukuu wangu Rayanne! Jirani yangu Ivonilde anajigamba kwamba Wendel wake anasoma hadi bango la duka la dawa. Wangu nikimuuliza, ananijibu ba, be, bi. Muda wa kumfundisha sina. Nimemkaririsha ukurasa wa nane wa kitabu cha darasani, ule wa chura. Kufumba na kufumbua, kaushika wote. Kafuata bibi.

Jumanne, 3 Desemba
Balaa! Mwalimu Marinês kasema atafungua ukurasa wowote. Nimempelekea keki ya mihogo, nikamdokezea kwamba nane ni namba ya baraka. Akashukuru, akamkatia Ivonilde kipande. Ivonilde akasema imekosa nazi. Mtu ambaye nywele zake hulala mezani! Daftari hili halitoki mkobani mwangu. Mji huu una wambeya.

Alhamisi, 5 Desemba
Nimejitolea kufagia darasa. Wamedhani ni wema. Nimepika wanga wa mihogo, yaani tapioka, mpaka ukawa gundi, nikabandika kurasa zote za kitabu isipokuwa ule wa nane. Ivonilde, umekwisha!

Jumamosi, 7 Desemba
Aibu! Kitabu kilifunguka kwenye ukurasa wa chura, sawa. Ila aliyeitwa kwanza ni Wendel, akamsoma chura vizuri kabisa. Wa pili, chura. Wa tatu, chura. Kufika wa sita, ukumbi mzima ulikuwa unaitikia. Mwalimu akahangaika na kurasa, akazinusa, akauliza nani kapika tapioka humu. Nikatazama dari. Akamwambia Rayanne asome chochote kilichopo. Rayanne akaja moja kwa moja kwenye mkoba wangu, akatoa daftari hili.

Akasoma keki. Akasoma wanga. Akasoma nywele za mezani, bila kukwama hata mara moja. Watu walivunjika mbavu, Ivonilde kashika wigi kwa mikono miwili. Mwalimu akamuuliza amejifunzia wapi. Akasema kwa bibi: bibi akilala mchana yeye husoma, maana vituko vya bibi ni vitamu kuliko chura. Hotuba kapewa yeye. Nililia, nusu kwa furaha, nusu kwa hasira.

Jumapili, 8 Desemba
Ivonilde hanisalimii. Mwalimu kaniamuru nibandue kitabu chote kwa mvuke wa birika. Wivu tu! Mbinu yangu imefaulu. Mwakani ni zamu ya mdogo wake Rayanne, na mpango nimeshaupata. Kesho nitauandika humuhumu, hatua kwa hatua. Hakuna atakayeugundua: juu ya jalada nimeandika kwa herufi kubwa, HUMU HAMNA KITU. Rayanne akishasoma hivyo, hatafungua.