Kamati ya Kubaini Viumbe Wageni

Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari la Idara, na gari likazunguka mtaa kwa mtaa mpaka kuku wakakimbilia uvunguni.

"Inatangazwa kwa wananchi wote, na kwa viumbe wote wenye magamba, manyoya, mikia au miguu inayozidi miwili, kwamba kuanzia sasa mto wetu pamoja na kinamasi chake vitatunzwa. Hatua ya kwanza ya kuvitunza ni kujua nani mwenyeji na nani mgeni. Mgeni ataondoka. Mwenyeji atulie alipo, asubiri kuhojiwa."

Maneno hayo aliyaandika Katibu wa Idara ya Mito na Vinamasi, na aliyaandika kwa moyo mmoja. Katibu alikuwa mtu wa kuamini. Mkurugenzi akitamka jambo, yeye hulipiga pasi, hulikunja vizuri, hulitoa likiwa kanuni. Tena mto ule aliupenda kweli. Mkewe alizaliwa ukingoni mwake, na wakati wa uchumba vyura ndio waliokuwa wakiyafunika mazungumzo yao kwa kelele, wazee wasisikie.

Kamati ilikaa kikao chake cha kwanza katika chumba ambacho feni ilizunguka pale tu ilipojisikia. Walikuwapo Mkurugenzi, Katibu, mhasibu, na daktari wa mifugo aliyekuja na mkoba wa sindano akidhani ameitwa kutibu.

"Tuanze na fisi maji," alisema Mkurugenzi.

"Huyo mwenyeji," alijibu daktari. "Anakula samaki, anazaa ukingoni, yuko hapa tangu zamani."

"Daktari, usidanganyike kirahisi. Fisi ni wa nchi kavu. Huyu ameongeza jina la pili apate kuingia majini."

Mhasibu akaguna kwa masikitiko, kama mtu aliyewahi kutapeliwa na mnyama huyo. Katibu akaandika: *anachunguzwa*. Korongo alikutwa na kasoro ya kusafiri kila mwaka bila kuaga. Chura, kwa kuishi majini na nchi kavu kwa mpigo, akatakiwa achague upande mmoja. Gugu maji, ambalo hata mtoto alijua limetoka mbali na linafunika mto kama blanketi, lilipita bila kupingwa, kwa kuwa Mkurugenzi alilipenda ua lake la zambarau.

"Sasa tuje kwa wale kina mama wanaokata mafunjo," alisema Mkurugenzi.

Kalamu ya Katibu ikasita. Mmoja wa kina mama hao alikuwa mama mkwe wake.

"Wale ni wasusi wa mikeka, Mkurugenzi. Wako pale siku zote."

"Ndilo tatizo lenyewe. Ukifungua dirisha, unawaona."

"Dirisha lipi, Mkurugenzi?"

"Dirisha kwa ujumla. Andika: mgeni ni yeyote aliyeingia kinamasini bila kukaribishwa na mto, anayeziba njia ya maji na kuwanyima wenyeji nafasi."

"Ila kina mama hawazibi maji."

"Si wana vibanda vya kuanikia? Ongeza: pamoja na kibanda, uzio, ukuta au jengo lolote alilolisimamisha, hata kama mwenyewe hajulikani. Wasije wakakana."

Katibu akaongeza. Alikiri moyoni kwamba ilikuwa sentensi nzuri sana.

Nyumbani, mkewe aliisikiliza sentensi hiyo mpaka mwisho, mwiko ukiwa mkononi.

"Kwa hiyo unakwenda kumfukuza mama yangu."

"Siendi kumfukuza. Nakwenda kumbaini."

"Haya, kambaini. Ukirudi, na mimi nitakubaini."

Kesho yake Katibu alishuka mtoni na kusimama mbali kidogo na kibanda, macho chini, kama mkwe anavyotakiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona umesimama juani kama nguzo? Sogea kivulini."

"Nimekuja kikazi, mama. Swali ni moja tu. Wewe hapa ni mwenyeji au mgeni?"

Mama mkwe aliweka chini kisu chake cha kukatia mafunjo. Alimtazama mkwewe kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa anayesema amepona.

"Siku uliyokuja kuposa, ukajikwaa mlangoni ukawamwagia wazee maji ya kunawa, mgeni alikuwa nani?"

"Nilikuwa mimi, mama."

"Tulikuondoa?"

Katibu alipekua kanuni zote kichwani.

"Basi twende nikuonyeshe wanaoondoka wenyewe," alisema mama, akatangulia.

Mafunjo yalikuwa yamekauka, yakivunjika chini ya miguu yao kwa sauti ya karatasi. Palipokuwa na mkondo palibaki kidimbwi cha tope, na kambare walikuwa wamelundikana humo, mmoja juu ya mwingine, wakifungua na kufunga midomo. Chura hakusikika hata mmoja. Korongo walikuja, mama alisema, wakazunguka juu mara kadhaa, wakaenda zao. Fisi maji naye alionekana akihama, mtoto wake mdomoni.

"Maji yamekwenda wapi?" aliuliza Katibu. Sasa alikuwa amesahau kuangalia chini.

"Fuata mkondo, baba, upande nao mpaka kwenye kona. Utayakuta yanasubiri."

Akaufuata. Kwenye kona alikuta ukuta mweupe umeukata mkondo katikati, na nyuma yake maji yamejaa tele, hayana pa kwenda zaidi ya kumwagika kwenye pori la ng'ambo. Mbele ya ukuta, pale pale mto ulipokuwa ukipita, palisimama nyumba yenye veranda pana na madirisha yote yakitazama mafunjo. Bustanini gugu maji lilichanua ndani ya bwawa dogo la vigae. Na chini ya paa la magari lilikuwa limepoa gari ambalo Katibu alimfungulia Mkurugenzi mlango wake kila asubuhi.

Aliikariri ile sentensi yake kimoyomoyo, neno baada ya neno, na kila neno likaingia kwenye nyumba ile kama mguu kwenye kiatu chake. Usiku huo hakula vizuri, na mkewe, alipomwona, akaahirisha kumbaini.

Siku ya uzinduzi, mahema yalipigwa karibu na kona hiyo ili Mgeni Rasmi apate upepo. Gari la matangazo lilikuwa limerudi mitaani kufafanua kwamba Mgeni Rasmi hayumo miongoni mwa wageni watakaoondolewa. Katapila lilikuwa limefungwa utepe, na dereva wake ameazimwa tai. Kina mama wa mafunjo walikaa nyuma, mizigo yao imeshafungwa.

Mkurugenzi alisoma tafsiri ya mgeni kwa sauti nzito, na akarudia mara mbili pale pa "hata kama mwenyewe hajulikani."

Mgeni Rasmi alipiga makofi. "Mimi ni mtu wa vitendo. Nionyesheni mmoja, aondolewe sasa hivi, nikiona kwa macho yangu."

"Katibu!" aliita Mkurugenzi. "Mwonyeshe Mheshimiwa."

Katibu alisimama. Alimwona mama mkwe wake amekumbatia mzigo, akaona pia midomo ya wale kambare, ingawa hawakuwapo. Kisha akanyoosha mkono, na mkono ukaelekea kwenye ukuta mweupe.

"Ule pale, Mheshimiwa. Haukukaribishwa na mto, umeziba njia ya maji, na umewanyima wenyeji nafasi. Pamoja na jengo lake."

Mgeni Rasmi akavaa miwani.

"Lo! Kweli kabisa. Nyumba ya nani hii?"

Swali hilo alilielekeza kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Kujenga kinamasini kulikuwa kosa, na aliyelitangaza kosa hilo alikuwa yeye.

"Mwenyewe hajulikani, Mheshimiwa," alisema.

"Na kanuni yenu imeshaliona hilo! Hongera sana. Dereva, kazi!"

Dereva alipiga honi, akakata utepe kwa meno ya katapila, na ukuta ukalala kama mtu mzima aliyechoka. Maji yalisimama kidogo, kama hayaamini, ndipo yakaingia bustanini, yakapanda ngazi za veranda, yakapita sebuleni na kutokea mlango wa mbele, yakibeba ndala, mito ya makochi na gugu maji zima. Umati ukashangilia. Mgeni Rasmi akapiga makofi, na Mkurugenzi, kwa kuwa alikuwa mwenyeji wake, akapiga pia.

Ndipo akatoka mama mmoja mlangoni, amepandisha kanga magotini.

"Baba watoto!" alipiga kelele. "Unapigia makofi nini?"

Mgeni Rasmi akageuka polepole. "Unamfahamu huyu mama?"

Mkurugenzi alimtazama mkewe, akamtazama Mheshimiwa. Maji yalikuwa yameshafika kwenye viatu vyake, na alikuwa bado anafikiria.

Kina mama walifungua mizigo yao jioni ile ile, na mvua za mwanzo zilipokuja vyura walirudi na kelele zao zote, bila kuchagua upande. Mkurugenzi hakufukuzwa, maana Serikali haipotezi uzoefu. Alihamishiwa Kitengo cha Ukame, na taarifa ya kwanza kutoka huko inasema ameanza vizuri: ukame umeongezeka.