Pumzi ya Muuza Manukato

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa dukani! Mama mwenye duka anafungua tawi jipya na anataka msimamizi. Hatatafuta nje. Atachagua kati yangu na mwenzangu wa kaunta ya pili, ambaye mimi humwita Bi Tabasamu, maana humchekea kila anayeingia, hata aliyekuja kuuliza njia. Jumamosi wataalikwa wateja wakubwa. Kila mmoja wetu atawanadia manukato mbele ya Mama, na atakayewapendeza ndiye atakabidhiwa funguo.

Funguo ni zangu. Sauti ninayo, shingo ya kuvalia tai ninayo. Dosari ni moja tu: nina pumu. Muuza manukato mwenye pumu! Dukani hajui mtu, na hatajua mtu.

Dada yangu, ninayeishi kwake, anajua kupita kiasi. Asubuhi na jioni anasimama mlangoni na ile inhela ya kahawia, dawa ya kuvuta ya kuzuia pumu isianze. Muuguzi wa kliniki alimwambia ni ya kila siku, hata nikijisikia mzima. Mimi nimeichunguza. Ukiivuta, halitokei lolote. Ile ya buluu ukiivuta, kifua kinafunguka papo hapo. Sasa nani hapo mchapakazi na nani mvivu? Mvivu simlei. Dada akigeuka, naipulizia dirishani.

Jumanne, 4 Machi

Mbinu ya kwanza: kubana pumzi. Mteja akija, najaza kifua mlangoni, narudi kaunta, napuliza manukato kwenye kikaratasi, namkabidhi, naenda zangu kupumua. Asubuhi mambo yalikuwa shwari kabisa.

Kisha akaja bwana mmoja mwenye maswali. Inakaa muda gani? Nikainua vidole. Ni ya maua gani? Nikafumba macho, kama mtu anayekumbuka bustani. Akauliza kama mimi ni bubu. Macho yameanza kunitoka, na yeye bado anauliza! Bi Tabasamu akamvutia kwake na kumuuzia vizuri tu. Wakati huo mimi niko stoo, nimeinamia maboksi, naitafuta ya buluu mfukoni. Niliogopa. Hilo naliandika hapa tu.

Jumatano, 5 Machi

Usiku nimekohoa. Dada amegonga ukuta na kuuliza kama nimevuta dawa. Nimemwambia nimevuta. Dirisha limevuta.

Lakini leo nimeng'ara. Nimewatangazia wateja kwamba manukato ya heshima hayanuswi kwa karibu, hayo ni mambo ya sokoni. Nikawasimamisha mbali, karibu na mlango, nami nikasimama nyuma ya feni inayonisukumia harufu upande wa pili. Wameamini! Mama mmoja alirudi nyuma mpaka akatokea barabarani, akanusa, akasema kweli, tofauti anaiona. Mama mwenye duka akanitazama kwa jicho jipya kabisa.

Bi Tabasamu hakuvumilia. Baada ya chakula cha mchana nikakuta feni imehamia kwake. Nikamuuliza kwa upole. Akajibu, huku akitabasamu, kwamba upande wake kuna vumbi la maboksi. Vumbi! Ni husuda tupu. Wingu lote la manukato yake likawa linanijia mimi. Nimekwenda stoo mara nyingi mpaka mlinzi kaniuliza kama tumbo linanisumbua. Nimemjibu ndiyo.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya.

Nilidhani duka liko tupu. Nikachutama chini ya kaunta na kuivuta ya buluu. Niliponyanyuka, uso kwa uso na mteja, yule mama mwenye miwani ya dhahabu anayenunua bila kuuliza bei. Akasema ameisikia ikipiga fyuu, ni manukato gani hayo ya mdomoni? Ulimi wangu ukajibu kabla yangu: ni mapya, ya pumzi, bado hayajatoka rasmi. Akataka chupa tatu. Akapaza sauti. Mama mwenye duka akatoka ofisini kuuliza kwa nini bidhaa hiyo haijapangwa rafuni.

Nikasema ni sampuli. Nikasema mzigo uko njiani. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Mama akarudi ofisini, ila Bi Tabasamu alibaki ameukodolea macho mfuko wangu. Hakutabasamu. Mara ya kwanza tangu nimjue! Anajua. Anaitunza siri yangu aje aitoe Jumamosi mbele ya wageni. Lazima nimuwahi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemuwahi.

Kila mnadi ana trei yake ya chupa za kuonyesha. Nimejitolea kuzipanga zote mbili, na Mama kanisifu kwa moyo wa kujituma. Trei yangu nimeijaza laini tupu: maji ya mchaichai, maua meupe, vitu visivyoudhi pua. Trei ya Bi Tabasamu nimeiwekea vigogo wa harufu kali. Katikati nimesimamisha Ghadhabu ya Waridi, ambayo mteja mmoja aliwahi kuirudisha kwa sababu mumewe alihamia sebuleni. Akiifungua hiyo kwenye chumba kilichojaa watu, wageni watatafuta milango.

Kifua kinabana kidogo. Kinapiga mluzi nikilala chali, kwa hiyo ninakaa. Ya buluu naitumia sana, jambo linaloonyesha ni dawa nzuri. Dada haoni hivyo. Anasema muuguzi alimweleza kwamba ukiona unaikimbilia ya buluu kila mara, ujue ugonjwa umekuzidi, urudi kliniki. Amenishika mkono. "Mdogo wangu, nakusikia ukutani kwangu. Mimi silali." Nimemwahidi nitakwenda Jumatatu, nikiwa msimamizi.

Suti mpya imenikaa barabara. Suruali imebana kiungwana. Tatizo ni inhela: inatokeza pajani kama nimeficha yai. Bi Tabasamu ataiona kabla sijasalimia watu. Nimeamua itabaki nyumbani, juu ya meza. Ni saa moja tu ya kazi. Mtu hafi kwa saa moja.

Jumapili, 9 Machi. Hospitali

Mtu anaweza.

Jana chumba kilijaa. Wageni wameketi, Mama amesimama mbele na funguo mkononi. Nikiwa naifikia trei yangu, Mama akatoa tangazo. Ili mtu asije akasema mwenzake amependelewa, tubadilishane trei.

Nilimwambia si lazima. Akasema ni lazima. Bi Tabasamu akachukua mchaichai wangu, akatabasamu, na wageni wakatabasamu naye. Ikaja zamu yangu. Nilitaka kuiruka ile ya katikati, lakini yule mama wa miwani ya dhahabu akainyooshea kidole. Nikabana pumzi. Nikapuliza. Nikanena maneno mawili kwa hewa iliyobaki, na la tatu likanilazimisha kuvuta.

Basi. Kifua kilifunga. Hewa ilikuwa inaingia kidogo na haitoki, haitoki kabisa, na kila nilipoivuta mluzi ulizidi. Nikagusa paja. Suruali laini, haina kitu. Nikaiona ile inhela kwa macho ya akili, juu ya meza, kando ya kikombe. Nilijua ninakufa, tena mbele ya wateja wakubwa. Nikataka kulala chini, mtu mmoja akaanza kunipepea kwa kikaratasi chenye manukato.

Bi Tabasamu alimsukuma mtu huyo. Akaagiza milango yote ifunguliwe na teksi iitwe. Akafungua mkoba wake akatoa inhela ya buluu, na chupa ya plastiki inayochomekwa kwenye inhela ili dawa ifike kifuani. Yake mwenyewe! Akanikalisha, akanishika mgongo.

"Kaa wima, kaka. Usilale. Usiongee. Vuta polepole. Sasa toa. Tena."

Alipuliza, akanisubiri, akapuliza tena, mpaka teksini, mpaka mlango wa hospitali. Nililia. Nasema ukweli, nililia na kumshika mkono kama mtoto.

Ana pumu tangu utotoni. Kwake kinachochochea ni vumbi, si manukato, ndiyo maana aliitaka feni. Ya kahawia huivuta kila asubuhi na jioni bila kukosa. Alhamisi aliitambua yangu, akangoja nimwambie mwenyewe ili asinifedheheshe. Muuguzi wa wodi kanihubiria mpaka wagonjwa wa jirani wakachoka: ya kahawia inatuliza uvimbe polepole, haionekani ikifanya kazi, na usipoivuta ndipo unakuja kuletwa hapa. Dada aliketi kando, akiitikia kila neno.

Jioni akaja Mama mwenye duka. Nilitegemea ukali. Alikaa akanitazama kwa huruma, ikawa mbaya zaidi.

"Ungeniambia siku ya kwanza, mwanangu, ningekuweka kwenye sabuni, karibu na mlango. Na tawi ningekupa wewe. Msimamizi hapulizi manukato. Msimamizi anasimamia."

Tawi amepewa Bi Tabasamu.

Alhamisi, 20 Machi

Mzima kama chuma! Nimeivuta ya kahawia kila siku tangu nitoke, dada akiwa amenishikia kidevu, na sasa nalala chali, napanda ngazi nikiimba. Kifua hakina mluzi. Kwa maneno mengine, nimepona. Dawa ya nini kwa mtu aliyepona? Leo asubuhi imerudi dirishani.

Na bahati imegeuka. Kaka yake Mama mwenye duka ana duka kubwa la rangi za nyumba, anatafuta mtu wa kuchanganya rangi mbele ya wateja, atakayekuja kuwa msimamizi. Nimekwenda kumwona. Chumba cha kuchanganyia hakina dirisha na harufu inachoma macho. Akaniuliza kama kuna jambo lolote la kiafya kunihusu ambalo dada yake hakumweleza.

Nimemwambia Bi Tabasamu ndiye mwenye pumu. Naanza Jumatatu.