Gari la Mbio la Mama Emerance

Siku ile Hippolyte aliingia mtaa wa Ngezi kwa nia njema kabisa: kuwauzia watu dawa ya kuzuia radi. Yalikuwa maji ya kisima ndani ya vichupa vya sirupu, yametiwa bluu kidogo, maana Hippolyte alijua kwamba mtu hatoi pesa yake kwa kitu kisicho na rangi. Alikwisha kuwakinga na radi nusu ya watu wa Rwambuzi. Sasa ilikuwa zamu ya Ngezi kuokolewa.

Alipopiga hodi kwa Mama Emerance, aliona kuku anatoka dirishani. Si dirisha la nyumba. Lilikuwa dirisha la gari la mbio, la chini, la milango miwili, lenye pua ndefu, limekaa juu ya matofali chini ya mabati machakavu. Zamani lilikuwa jekundu. Sasa kutu ilikuwa imelila mpaka mtu aliweza kusimama upande huu akamsalimia jirani aliye upande wa pili.

Hippolyte hakujua lolote kuhusu magari. Lakini alijua sura ya mali ambayo mwenyewe ameisahau, na katika kazi yake elimu hiyo ilimtosha.

«Mama, hii motoka ni ya nani?»

«Ni ya kuku,» akajibu Mama Emerance bila kuinua macho kutoka kwenye maharage aliyokuwa akichambua. «Zamani ilikuwa ya bwana yangu Stéphane, Mungu amurehemu. Alinunua kwa muzungu moja wa kahawa mwenye alikuwa anahama. Alisema atanipeleka nayo Kasenyi, ku ziwa, tukule samaki. Alikufa mbele atengeneze hata taa moja.»

Vichupa vya radi vikarudi mfukoni kimyakimya. Hippolyte akanyoosha kola, akakohoa kikohozi cha mtu mwenye ofisi.

«Mama, ni Mungu ndiye amenileta. Miye ni président wa Chama cha Kulinda Motoka za Zamani, hapa Ituri. Siye tunatengeneza motoka kama hizi bure.»

«Bure?»

«Bure kabisa! Chama inalipa vyote. Weye unabaki na motoka yako, siye tunabaki na furaha.»

Ukweli ni kwamba chama kile kilikuwa na umri wa nusu dakika, na mwanachama mmoja. Mpango ulikuwa mwepesi: avute mifupa ya gari mpaka kwa wanunuzi wa vyuma, avune injini, na kumwachia mjane matofali. Kesho yake akarudi na mkataba wa kurasa mbili, wenye mhuri wa duara. Mama Emerance akavaa miwani, akasoma kila neno kama anayesoma barua ya posa, akatia sahihi.

«Ila jambo moja, président,» akasema akirudisha kalamu. «Motoka haitoke mu lupango yangu. Mutatengenezea hapa hapa ku kiwanja yangu. Na kuko mutu anaitwa Kambale, wa zahabu ya Mongbwalu. Amekuja mara tatu anaomba niuzishe. Eti siku itawaka, atalipa na zahabu, hapo hapo, mu mukono. Nilimufukuza, hana adabu. Anapendaka kukula pale karibu na soko. Chunga sana musikutane.»

Hippolyte akaapa kwa jina la marehemu mama yake kwamba hawatakutana. Saa moja baadaye alikuwa amekaa mezani kwa Kambale.

Kambale alikuwa mtu wa kofia pana na buti zenye tope jekundu mpaka magotini, na alikuwa anakula kuku mzima peke yake. Hippolyte alipotaja gari, mtu yule aliacha paja hewani.

«Ile ya Ngezi? Kumbe ni ya nani?»

«Ni yangu,» akasema Hippolyte kwa uso wa mwimba zaburi. «Ule mama ni mulinzi tu. Amezoea kujiita mwenyewe.»

«Basi sikia, muzee. Miye sinunuake maneno. Siku nitaisikia inanguruma, nakupa zahabu. Mbele ya hapo, hata franga moja hapana. Na nitakuya kila siku ya posho kuangalia kazi.»

Habari za vyuma chakavu zikafa palepale. Mungu naye, kwa mapenzi yake, alikuwa amepanga kwaya ya Mama Emerance iwe kila siku ya posho, yaani Jumamosi, mchana, kwa hiyo muuzaji na mnunuzi wangeweza kuiona mali ile bila kumwona mwenye mali. Hippolyte alitoa shukrani. Hakujiuliza kwa nini Mungu alikuwa anamsaidia kwa bidii namna ile.

Wiki mbili za kwanza alifanya kazi kwa mtindo wake. Alifukuza kuku, akaziba matundu kwa magazeti na mastiki, akapaka juu rangi nyekundu. Kwa mbali, mtu akifumba jicho moja, gari lilipendeza. Siku ya posho Kambale akaja, akalizunguka, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akatoa mfukoni sumaku ndogo, akaibandika mlangoni. Sumaku ikaanguka. Akaibandika kwenye boneti. Ikaanguka tena.

«Ajabu,» akasema Kambale. «Hata sufuria ya bibi yangu iko na chuma kushinda hii motoka. Hii ni mukate, muzee. Miye naomba motoka.»

«Ilikuwa majaribio ya rangi!» Hippolyte akadai.

«Kwangua yote. Weka bati ya kweli. Nitarudi posho.»

Hapo ndipo ilipoanza balaa ambayo Hippolyte alikuwa ameikwepa tangu utoto: kazi. Alikwangua mpaka kucha zikatoka rangi ya kutu. Alikata mapipa ya mafuta, akayanyoosha kwa nyundo yakawa sakafu ya gari. Fundi mmoja wa Rwambuzi alimkodisha mashine ya kuunganishia vyuma lakini si mikono yake, kwa kuwa alikuwa amenunua chupa mbili za radi na nyumba yake ilikuwa imepigwa wiki iyo hiyo. Basi Hippolyte akajifunza mwenyewe, akaunguza shati, akaunguza nyusi. Na kila posho sumaku ilikuja, na kila posho ilipata pa kukataa.

Kisha injini. Vipuri vilitoka Kampala, vikapitia Mahagi, na kila kimoja kilikuwa na bei ya mahari. Hippolyte akauza pikipiki yake. Akauza televisheni. Mwezi wa nne wa kazi akauza kitanda, akalala kwenye mkeka akihesabu zahabu badala ya kondoo. Mwanzoni alisema anafanya yote hayo kwa ajili ya zahabu tu. Lakini jirani zake walianza kumsikia akibishana peke yake njiani juu ya kabureta, na siku moja alimfukuza mteja wa dawa ya radi kwa sababu alimkatiza akisafisha plagi.

Mama Emerance alimletea chai na viazi vitamu kila siku saa nne.

«Chama yenu iko na moyo muzuri,» alisema.

«Ni wito, mama,» alijibu Hippolyte, mgongo ukimlia kama mlango wa gereza.

Mwezi wa tano wa kazi, asubuhi moja ya baridi, akageuza ufunguo. Gari likakohoa. Likatema moshi mweusi, likanyamaza. Akalegeza skrubu moja kwa ncha ya kidole, taratibu, kama anayempapasa mtoto mwenye homa, akageuza tena. Likanguruma. Mbwa wa Ngezi walibweka, na Mama Emerance akatoka mbio na mwiko mkononi. Alisimama, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale muda mrefu huku chuma kikitetemeka chini yake.

«Stéphane alikuwa anasema italia hivi,» akasema polepole. «Miye nilikuwa namucheka.»

Machozi yalimtoka Hippolyte. Alilaumu moshi. Kitu kinachofanana na aibu kilipita, kikampigia hodi, hakikumkuta nyumbani, kikaendelea na safari yake. Usiku ule alifunga mzigo wake mdogo. Siku ya posho, mama akiwa kwaya, angempa Kambale ufunguo, angepokea zahabu, na kabla jua halijazama angekuwa njiani kuelekea Uganda.

Posho ilipofika, gari lilikuwa linang'aa kama pilipili iliyooshwa. Kambale akaingia. Hakuwa na kofia wala buti. Alivaa shati jeupe la mikono mifupi, na mkononi alibeba kikapu cha chakula. Kabla Hippolyte hajauliza, mlango wa nyumba ukafunguka, Mama Emerance akatoka na kitenge kipya, kilemba juu, na viatu vya Jumapili.

«Mama!» Hippolyte akaruka katikati yao. «Hauko ku kwaya? Hapa ni... ni monsieur wa assurance, wa bima ya motoka, alikuwa tu anapita...»

«Yaya Emerance,» Kambale akasema juu ya bega lake, «uko tayari? Saa inaenda.»

Hippolyte akamgeukia mmoja, kisha mwingine.

«Yaya?»

«Ni dada yangu mukubwa,» Kambale akaeleza kwa upole. «Miye nilikuwa mwalimu wa mécanique kule Butembo. Nilihamia huku mwaka jana. Zahabu nimeonaka tu ku pete ya batu.»

«Na weye, mama... ulijua?»

«Président, miye nilikuwa secrétaire wa kampuni ya kahawa miaka makumi mbili. Ule muhuri yako umechonga ku mupira ya sandale. Ile N imeangalia nyuma. Na mama ya kwaya yetu alinunua dawa yako ya radi.» Akatoa mkataba kwenye mkoba, akausoma kwa sauti ya ofisini: «Chama italipa vyote. Mwenyewe atabaki na motoka. Nilipenda sana vile uliandika. Aksanti ya chama yenu.»

«Nitaenda ku polisi!»

«Enda, baba. Siye tunapita kwanza kununua mafuta, kisha tunaenda Kasenyi.»

Hippolyte alikwenda kweli, kwa miguu, kwa kuwa pikipiki ilikuwa imegeuka kabureta. Kwenye kituo kidogo kando ya barabara kuu, polisi mmoja mtu mzima alimpa kiti na kufungua daftari.

«Nani ameibiwa?»

«Miye, chef.»

«Nini?»

«Motoka.»

«Iko na jina yako?»

«Hapana. Iko na jina ya Mama Emerance.»

«Na nani ameiba?»

«Mama Emerance.»

Polisi akalaza kalamu mezani taratibu, kama anayelaza mtoto aliyesinzia.

«Papa, pumua kwanza. Mama Emerance ameiba motoka ya Mama Emerance?»

Hippolyte akafungua mdomo aeleze. Ndipo mngurumo ukasikika mbali, ukakaribia, na polisi wote wakakimbilia mlangoni. Watu wa barabarani walikuwa wanapiga makofi. Hippolyte alibaki kitini, hakutazama hata. Alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza. Ghafla gari likatoa mlio wa kusaga meno.

«Hapana!» Akaruka, akawapenya polisi, akatokea barabarani akipunga mikono yote miwili. «Mama! Embrayage! Kanyaga mpaka chini! Chini kabisa! Miezi tano nimeteseka, weye unaivunja siku moja?»

Mama Emerance, nyuma ya usukani, akapiga honi, akakanyaga klachi mpaka chini, akabadilisha gia. Safari hii iliingia laini. Hippolyte akasimama pale katikati ya vumbi, ametega sikio, akisikiliza gia ya tatu, kisha ya nne, mpaka sauti ikapotea upande wa Kasenyi.

«Ya nne nayo iko muzuri,» akawaambia polisi, ingawa hakuna aliyemuuliza, akaondoka zake.

Polisi akarudi mezani, akachukua kalamu, akafikiri kidogo, kisha akaandika: Mlalamikaji amekwenda bila kulalamika.