Matroni Anataka Kutufurahisha

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Kuna jambo linapikwa. Asubuhi, tulipokuwa tunapokezana zamu, Matroni alitusimamisha wauguzi wote wa wodi ya wanawake, akatabasamu. Akatabasamu! Miaka yote niliyofanya kazi chini ya mama huyu, meno yake nimeyaona akila tu. Akasema uongozi wa hospitali umeona tunavyojituma, kwa hiyo safari hii wanataka kutushukuru kwa namna mpya. Kila muuguzi ataitwa ofisini, peke yake, aseme kitu kimoja ambacho kingemfurahisha.

Peke yake. Ofisini. Na mlango umefungwa, bila shaka.

Mimi si mtoto. Mwaka juzi walitushukuru kwa keki. Wiki iliyofuata maziwa yakatoweka kwenye chai ya zamu, na hayajaonekana tena.

Ninachokitaka Mungu anakijua. Jumapili hii kanisa linampokea mchungaji mpya, na mwalimu wa kwaya amenipa ubeti wa pili niuimbe peke yangu. Mbele ya kila mtu, wakwe zangu wakiwemo! Sijawahi kupewa. Siku zote anapewa Sista Manukato, muuguzi mwenzangu, mwanakwaya mwenzangu, msalaba wangu. Anajipulizia hadi wagonjwa wanapiga chafya. Na Jumapili mmoja wetu lazima abaki wodini. Ratiba bado haijatoka.

Jumanne, tarehe 5 Mei

Nimefanya uchunguzi. Dada wa usafi, anayefagia ofisi za wakubwa, kaniambia juzi meneja alikuwa anacheka peke yake. Meneja anacheka. Matroni anatabasamu. Nilikuwa nanawa mikono pale sinki, picha yote ikanijia: wanatafuta walalamikaji! Atakayesema anataka mapumziko, huyo kachoka. Aliyechoka anatafutiwa pa kupelekwa.

Nikamweleza mume wangu. Yeye ni seremala, mtu wa mbao, mambo ya ofisini hayajui. Akauliza kwani nikisema tu nataka Jumapili, nitapungukiwa nini? Nikamwambia Baba Watoto, wewe kula ulale.

Mpango nimeupata baada ya sala ya jioni, kwa hiyo nadhani umetoka mahali pazuri. Mimi sitaomba kitu. Manukato ndiye ataomba.

Jumatano, tarehe 6 Mei

Nilimvuta Manukato kwenye chumba cha dawa. Sauti yangu asali tupu. Nikamwambia mdogo wangu, usiogope, sema la moyoni, omba Jumapili, tena zote, hawa watu wana nia njema. Akanikodolea macho. Akasema dada, kumbe una roho nzuri hivi, na mimi nilidhani unanichukia! Akanikumbatia. Hadi sasa nanukia yeye. Kifuani kitu kikanichoma kidogo. Kiungulia, nadhani.

Mchana zamu yangu ya kuitwa ikafika. Matroni akanipa kiti, akanipa chai ya maziwa (kumbe yapo!), akanisogezea biskuti. Nani anampa muuguzi biskuti bure? Simu yake ilikuwa mezani, imelala kifudifudi. Nikaelewa: inanasa sauti. Basi nikaisemea simu. Nikasema kuwahudumia wagonjwa ndiyo sala yangu, mapumziko siyahitaji, kitakachonifurahisha ni kuongezewa kazi. Matroni akauliza kama nina hakika. Nikainama karibu na simu, nikarudia polepole, neno kwa neno. Macho yake yakalowa. Nikajua nimemweza.

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Mungu wangu.

Matroni katukusanya, katangaza. Yule mwenzetu wa mgongo mbovu kapata kiti kirefu cha kukalia akipanga dawa. Anayenyonyesha karuhusiwa kuwahi nyumbani. Sista Manukato: mwezi huu wote hana zamu ya Jumapili. Nikasubiri “lakini”. Hakuna “lakini” iliyokuja!

Kisha nikaitwa mbele. Matroni akanishika bega, akasema maisha yake yote hajaona kitu kama hiki. Wengine wote tunaomba kupunguziwa, dada yenu kaomba kuongezewa! Tena kwa bahati nzuri, Jumapili hii pana pengo. Wakapiga makofi. Manukato alipiga kuliko wote, huku akifuta machozi. Nikatabasamu hadi mashavu yakauma.

Ijumaa, tarehe 8 Mei

Nimeamka na mipango miwili.

Wa kwanza: dhamiri. Nikamwendea Matroni, nikasema roho inanisuta, Jumapili ni siku ya Bwana. Akanikumbusha kwa upole kwamba sala yangu ni wagonjwa, nilisema mwenyewe. Maneno yale alimsimulia meneja, na meneja aliguswa sana. Wanafikiria kuyabandika getini.

Wa pili: ugonjwa. Nikakohoa mbele ya daktari. Kosa kubwa! Mtu anayekohoa hospitali haachwi aende nyumbani. Nikapimwa, nikatolewa damu, nikaambiwa nina mapafu ya msichana.

Jioni mwalimu wa kwaya akapiga simu. Kasikia nimejitoa kwa ajili ya wagonjwa. Ubeti kampa Manukato. Akaniita shujaa wa imani. Baba Watoto akaomba radhi, akatoka nje kucheka. Ukuta wetu ni mwembamba, nimemsikia vizuri.

Jumapili, tarehe 10 Mei

Wodini. Saa ya ibada nilikuwa nasafisha kidonda cha bibi wa kitanda cha dirishani. Midomo ikaanza yenyewe. Nikaimba ubeti wa pili, wote, kwa sauti ya kanisani. Hata yule mama anayegombana na wauguzi tangu alazwe alishusha shuka usoni asikilize. Bibi akatokwa na machozi. Nikamuuliza ni wimbo, mama? Akasema ni hiyo spiriti inayochoma kidonda, mwanangu, lakini endelea tu.

Kugeuka, Matroni yuko mlangoni. Kwa nini aje siku ya mapumziko yake? Nani kamtuma?

Nyumbani nikamhoji Baba Watoto. Manukato kaimbaje? Akasema vizuri. Nikamuuliza vizuri vipi. Akasema vizuri tu, mke wangu, mama yangu alisimama akapiga vigelegele. Sikula.

Jumatatu, tarehe 11 Mei

Matroni kanifuata mwenyewe hadi stoo ya mashuka. Akasema tangu jana sauti yangu haimtoki masikioni. Alimuuliza Manukato, na Manukato kamweleza habari yote ya ubeti, tena kwa kulia, kwamba alidhani nimeuacha kwa hiari, laiti angejua nilivyoutamani asingeuchukua. Akasema kwaya itauimba tena wimbo ule mwezi ujao, na Manukato yuko tayari kunipisha, zamu atashika yeye. Akanishika mkono. Akasema dada yangu, achana na wakubwa, niambie mimi, unataka nini?

Nilikaribia kusema. Neno lilishafika kwenye meno.

Nikajizuia! Kwa nini anifuate stoo, nisiitwe ofisini? Manukato naye, tangu lini akawa mwema hivyo? Na mtu anayekuuliza swali lilelile mara ya pili, ina maana jibu la kwanza halikumtosha. Basi nikamtosheleza. Nikamwambia aniongezee na Jumamosi.

Akauliza kama nimelala vizuri. Kisha akaondoka taratibu, mabega chini, kama mtu ambaye mtego wake umerudi mtupu.

Asante Mungu kwa kunifumbua macho. Leo katika sala nimemtaja na Manukato. Ubeti wa mwezi ujao kapewa tena, na nimemwacha kwenye chumba cha dawa anaufanyia mazoezi kwa furaha, masikini, hajui wanakompeleka.